Mchanga na Mwamba

Wako wataalamu wa uchumi washikao kwamba msukosuko wa kampuni moja hauwezi kutikisa nchi. Kampuni, husema, ni nyingi kama chembe za mchanga. Hii ikipata hasara, ile hupata faida, na mizani ya taifa hukaa sawa. Hoja hiyo ingesimama kama kampuni zote zingekuwa na kimo kimoja. Hazina. Katika mchanga huo imo miamba.

Mwaka 2011 mchumi Xavier Gabaix alionyesha kwamba misukosuko ya kampuni 100 kubwa kabisa za Marekani ilieleza karibu theluthi moja ya mabadiliko ya ukuaji wa pato la nchi hiyo. Ufini iliyaona hayo kwa macho: Nokia iliponawiri, nchi ilinawiri, simu zake zilipopoteza soko baada ya mwaka 2007, nchi nayo iliyumba.

Basi mchumi atazamaye wastani peke yake ni kama nahodha ajuaye wastani wa kina cha bahari, asijue mwamba ulipo. Serikali imfuatapo, chombo hupasuka. Na wazamao kwanza ni wafanyakazi, si wenye kupiga hesabu.