Hoho usiipande palipotoka nyanya

Ndugu mwandishi, hapo kwenye makala yako uliposema mkulima wa Ilula aliyechoshwa na bei ya nyanya ahamie tu kwenye hoho katika shamba lilelile, naomba nikupinge. Nyanya na hoho ni ukoo mmoja, na mnyauko wa bakteria unazishika zote. Mimi nilipanda robo ekari ya hoho palepale nilipotoka kuvuna nyanya. Miche ilishika vizuri, ikatoa maua, kisha ikaanza kulegea mchana majani yakiwa bado mabichi. Nikaongeza maji, nikapiga dawa ya ukungu, fedha yote ikaishia humo. Ugonjwa ule hauna dawa na unakaa ardhini. Ili kuutambua, kata kipande cha shina la mche ulionyauka, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ng'oa mche na kuuchoma. Siku hizi natanguliza mahindi misimu miwili, ndipo narudisha hoho. Na wewe mdogo wangu uliyeuliza kwenye maoni hapo juu faida ya ekari ya hoho, usipige hesabu kwa bei ya sokoni Dar. Huku shambani dalali anataka gunia lenye kilemba juu ya mdomo, lumbesa ileile ambayo sheria ya vipimo imeikataza, na kile kilemba hakilipwi. Tukubaliane wanakijiji kuuza kwa mzani, kwa sababu mmoja akikataa lumbesa peke yake gari la dalali linakwenda kwa jirani. Halafu Juni na Julai baridi ya huku Kilolo juu inadondosha maua ya hoho, panga kitalu chako mapema.