Kwa nini bei ya Subaru STI haishuki

Kijana wa Kisii au Nyamira anayetamani Subaru WRX STI asingoje bei ishuke. Kenya hairuhusu kuagiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Subaru iliacha kuunda STI za soko la Japani mwaka wa 2019. Hivyo, baada ya 2026 mlango wa kuagiza ndinga hizo unafungwa. Kumbuka pia ushuru wa forodha ulipandishwa hadi asilimia 35 mwaka wa 2023. Mwenye yadi anajua haya yote, ndiyo maana hapunguzi. Lakini usidhani kila STI ni akiba: iliyogongwa au kuchezewa injini utaiuza kwa hasara. Nenda na makanika wako, thibitisha umiliki NTSA, ndipo utoe pesa.