Kumlipa Mlezi si Kumtupa Mtoto

Ukitaka kugombana na watu mwaloni, pale mitumbwi ya dagaa inapofikia, sema kwamba mama anayeanika dagaa anapaswa kuwa na mtu wa kumlipa amtazamie mtoto. Utajibiwa kabla hujamaliza. Utaambiwa huo ni uzungu. Utaambiwa mtoto wa hapa halelewi kwa hela, analelewa na watu wote, kila mwanamke aliyeko mchangani ni mama yake, na tangu enzi za mabibi zetu imekuwa hivyo. Na hatakosekana mzee wa kukukumbusha kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Ninaipinga imani hiyo, na ninaipinga kwa uchungu, kwa sababu kando ya Ziwa Victoria inaua.

Tazama kazi ya dagaa inavyokwenda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mitumbwi hurudi alfajiri. Kuanzia hapo ni mbio. Akina mama wanawahi ndoo zao, wanapatana bei huku miguu iko majini, wanajitwisha mzigo, wanaanika juu ya mchanga au kwenye chanja kabla jua halijapanda, kisha wanageuza, wanafukuza ndege, wanatazama mawingu. Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, mtaji umeoza, na mtaji huo mara nyingi ni wa kikoba. Katika saa hizo mama hana jicho la ziada. Na jirani yake, yule anayesemwa kuwa naye ni mama wa mtoto, ana dagaa wake wa kuanika, na mawingu ni yale yale.

Hapo ndipo hesabu ya "watu wote" inapovunjika. Tuseme wanawake 40 wako mchangani. Kila mmoja ameamini kwamba wale 39 wanaona. Mtoto wa miaka 2 anafuata bata, au kopo linaloelea, na maji yako pale pale. Mtoto mdogo akizama hapigi kelele, kwa kuwa hana pumzi ya kupigia. Wala hahitaji kilindi. Maji yanayomfika mtu mzima magotini yanamfunika yeye, na dakika chache zinatosha. Baadaye ukunga unapigwa, na hapo kweli watu wote wanakuja. Wanajitosa majini na nguo zao, wanambeba, wanalia pamoja na mama yake. Upendo wao hauna shaka. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye asubuhi ile hakuwa na kazi nyingine yoyote ila kumtazama mtoto yule.

Msibani utasikia kwamba ziwa limechukua. Pembeni utasikia kwamba mama alizembea. Yote mawili nayakataa. Ziwa halina mikono, na mama yule alikuwa anatafuta chakula cha mtoto huyo huyo.

Tukitaja vifo vya majini huku kwetu, akili hukimbilia kwenye meli. Tunakumbuka MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996, na makaburi ya wahanga wake Igoma. Tunakumbuka MV Nyerere, Septemba 20, 2018, iliyopinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara ikiwa imejaza kupita abiria 101 iliyoruhusiwa kubeba, na watu 228 wakafa. Taifa lilisimama, bendera zikapepea nusu mlingoti, tume zikaundwa, na ilistahili. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani kote mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi wa hao hawakupanda meli yoyote. Walikuwa karibu na nyumbani, mchana, huku watu wazima wakiwa kazini. Vifo vya namna hiyo havina tume.

Watetezi wa malezi ya "watu wote" wakibanwa, hubadili jibu. Wanasema mtoto hakuachwa, yuko na dada yake. Dada mwenyewe ana miaka 8. Anambeba mdogo wake mgongoni huku anaosha sufuria ziwani, na akichoka anamshusha. Mdogo akiingia majini, yeye atamfuata, hata kama hajui kuogelea. Na siku hiyo, kumbuka, alipaswa kuwa shuleni. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada. Ada iliondolewa, lakini mdogo wake hakuondolewa mgongoni. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mwaloni watoto hulelewa bure namwomba anitazame machoni anijibu: ni nani anayelipa masomo ya msichana huyu? Malezi ya bure hayapo. Kila mara kuna anayelipa, na katika mialo yetu tumeamua kwamba mlipaji awe mtoto wa kike wa darasa la pili.

Sisi wa mjini Mwanza nasi tusijitoe. Anayeishi Isamilo au Nyegezi na kusema kwamba kumlipa mlezi ni tabia ya Wazungu, nyumbani kwake kuna dada wa kazi. Amemtoa kijijini au visiwani, na mara nyingine ni binti ambaye hajafika hata miaka 14, umri ambao Sheria ya Mtoto ya 2009 imeuweka kuwa wa chini kabisa kwa mtoto kufanya kazi nyepesi. Hapa hapa Mwanza shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto ambaye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, limebeba jukumu la kuwatetea mabinti hao. Amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi, na kuna nyumba nyingi ambazo hata hicho kilionekana kikubwa. Basi kumlipa mtu alee mtoto ni desturi yetu tayari. Tunachokataa ni kumlipa vizuri, kumfundisha kazi, na kuandika jina lake mahali.

Kuna nchi iliyokutana na jambo hili ikaamua kulifanyia kazi. Bangladesh ni nchi ya mito, mabwawa na mafuriko, na watoto wake walikuwa wakizama hatua chache kutoka mlangoni mama akiwa jikoni au shambani. Walianzisha vituo vya kijijini vinavyoitwa Anchal. Mwanamke wa kijiji hicho hicho, aliyepewa mafunzo, akiwa na msaidizi, anakaa na watoto wapatao 25 kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, siku 6 za wiki. Saa hizo zilichaguliwa kwa sababu ndizo ambazo watoto wengi walikuwa wakifa. Watafiti walipofuatilia, walikuta vifo vya kuzama vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa watoto waliokuwa wakihudhuria. Mwaka 2022 serikali yao ilipitisha mpango wa vituo 8,000 kwa watoto 200,000. Shirika la Afya Duniani nalo linayataja malezi ya mchana miongoni mwa hatua za kwanza za kuzuia vifo hivi.

Sioni uzungu hapo. Naona wanawake maskini wa kando ya maji, kama wetu, walioacha kubahatisha. Na faida hazikomi kwenye kuzama. Mtoto aliye kituoni, anayeogeshwa kwa maji safi ndani ya beseni, hachezi ufukweni penye konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa ambao kila mkazi wa mwambao huu anaujua.

Hapa nyumbani hatuanzii sifuri. Sheria ya Mtoto inavitambua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na kutaka visajiliwe na kukaguliwa. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu tumboni hadi miaka 8. Shirika la EMEDO la hapa Mwanza limekuwa likipita kwenye mialo kufundisha jinsi ya kuzuia watu kuzama. Kinachozuia ni ile imani niliyoanza nayo. Mwenyekiti wa mtaa anaona haya kusimama mkutanoni aseme watoto wetu hawana mwangalizi, kana kwamba atakuwa amewatukana akina mama wote.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni hofu. Wazazi wanaogopa kwamba mlezi atampiga mtoto, atamnyima chakula, au kutakuwa na mtu mwovu atakayemdhuru. Mambo hayo yametokea, na mzazi asiyeyaogopa simwelewi. Lakini mtoto anayezurura mwaloni kuanzia alfajiri, katikati ya wavuvi wageni wanaohama kambi kwa kambi, amekingwa na nini? Mlezi aliyesajiliwa anajulikana kwa jina, kwa nyumba na kwa picha iliyobandikwa ukutani. Kuna afisa ustawi wa jamii anayeweza kumfungia. Kuna daftari linaloonyesha nani alimleta mtoto na nani alimchukua. Mzazi ana mtu wa kumuuliza. Mtoto wa "watu wote" akidhuriwa, utamuuliza nani?

Imani hii hupanda pia melini. MV Victoria, iliyorudi majini Agosti 2020 baada ya ukarabati, husafiri usiku kucha kati ya Mwanza na Bukoba. Mama mwenye watoto watatu atakesha akiwashika nguo, au atasinzia. Akisinzia, mdogo atatambaa kuelekea kwenye ngazi na vyuma vya pembeni, na abiria watamwona wakidhani ana mwenyewe. Kwenye meli za utalii za Ulaya na Marekani, familia zikisafiri, kuna chumba cha watoto chenye walezi waliofunzwa, na mzazi hutia sahihi anapomwacha mtoto na anapomchukua. Watu huku husikia hayo wakacheka kwamba Mzungu anakwenda mapumziko na watoto halafu anawakabidhi kwa wageni. Wanachokiona ni uvivu wa mzazi. Mimi naona mahali ambapo nahodha, wakati wowote wa usiku, anaweza kujua watoto wako wangapi na wako wapi.

Sisi tunajua bei ya kutojua. MV Bukoba ilipozama, orodha iliyokuwapo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa, na mpaka leo hesabu ya waliokufa ni makadirio. Waliokosa majina siku ile ni wanyonge, na hakuna abiria mnyonge kuliko mtoto wa mgongoni. Kanuni za kimataifa za meli za baharini zinataka meli ya abiria iwe na majaketi okozi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria wake. Ziwa letu lina mawimbi yake, na mtoto aliyevalishwa jaketi la mtu mzima huchomoka akaliacha likielea. Meli mpya ya MV Mwanza imetangazwa kwa abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari 20. Nataka takwimu nyingine itangazwe pamoja na hizo: chumba cha watoto, walezi walioajiriwa kwa safari ya usiku, na kila mtoto kuandikwa kwa jina lake hata kama hakukatiwa tiketi.

Fedha? Kila ndoo ya dagaa inayotoka mwaloni inatozwa ushuru. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi cha wanawake wanaoendesha kituo cha malezi ni biashara halali kama kile cha wafuga kuku. Chukua watoto 25, kila mama akitoa shilingi 500 kwa siku, tuseme siku 20 za mwezi, bila zile za mbalamwezi: ni shilingi 250,000. Walezi wawili wanalipwa zaidi ya kile kima cha 2022, na uji unabaki. Ushuru ukichangia banda, uzio na choo, mama asiye na kitu siku hiyo naye mtoto wake atapokewa. Kikundi cha usimamizi wa mwalo, ambacho tayari kinakutana kujadili nyavu haramu, kinaweza kulimaliza jambo hili katika kikao kimoja.

Sharti langu ni moja, nalo halmashauri wasilipuuze: kituo kisifunguliwe saa 2 asubuhi kama ofisi. Kifunguliwe saa 11 alfajiri, taa za mitumbwi zikiwa bado zinaonekana ziwani, kifungwe dagaa wakishaanuliwa. Siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika na akina mama wako nyumbani, walezi wapelekwe zahanati wakajifunze kumfufua mtoto aliyekunywa maji.