Ramani ya Ukutani na Safari Ndefu za Ndege

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulipata kukaa nyuma ya darasa la sita na kusikiliza somo la jiografia juu ya usafiri wa anga. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amejitayarisha vema. Aliandika ubaoni aina za ndege kubwa za abiria, na mbele ya kila aina akaandika mojawapo ya safari ndefu ambazo ndege hiyo imepata kufanya bila kutua njiani: Airbus A380, kutoka Dubai mpaka Auckland, kilomita 14,200; Boeing 787-9, kutoka Perth mpaka London, kilomita 14,500; Airbus A350-900ULR, kutoka Singapore mpaka New York, kilomita 15,300. Watoto wakanakili kwa hati nzuri.

Kisha mwalimu akauliza: ndege itokayo Singapore kwenda New York, njia yake iliyo fupi kuliko zote hupita wapi? Mtoto mmoja akaiendea ramani ya ukutani, akaweka rula baina ya miji hiyo miwili, akajibu kwa sauti: “Hupita Bahari ya Hindi, halafu Afrika ya Kaskazini, halafu Atlantiki.” Mwalimu akasema, “Si kweli. Kaa chini.” Darasa likacheka. Jibu lililokuwa katika daftari la mwalimu lilikuwa “karibu na Ncha ya Kaskazini,” nalo likaandikwa ubaoni bila maelezo yoyote.

Sisi twaona kwamba siku ile mtoto hakukosea. Aliulizwa swali, akatumia zana aliyowekewa, tena akaitumia kama alivyofundishwa. Kosa lilikuwa katika ramani, maana dunia ni mviringo, na haiwezekani kuutandaza mviringo juu ya karatasi bila kuuvuta hapa na kuukunja pale. Mtoto yule aliketi akiamini kwamba akili yake ndiyo mbovu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kutojua orodha ya safari za ndege, na ndiyo sababu tunaandika makala haya.

Somo lile lingeweza kuokolewa kwa hesabu ambayo watoto wa darasa la sita wanaiweza. Singapore iko karibu digrii 1 kaskazini ya Ikweta, katika longitudo ya digrii 104 mashariki. New York iko karibu digrii 41 kaskazini, katika longitudo ya digrii 74 magharibi. Jumlisha 104 na 74, utapata 178, pungufu kidogo tu ya nusu ya duara. Maana yake ni kwamba miji hii yatazamana kutoka pande mbili za dunia, na Ncha ya Kaskazini iko karibu kabisa na mstari uiunganishao. Sasa tuhesabu. Kutoka Singapore kupanda mpaka Nchani ni digrii 89. Kutoka Nchani kushuka mpaka New York ni digrii 49. Jumla ni digrii 138. Kila digrii ni kilomita 111 hivi. Zidisha, utapata kilomita 15,318. Ile tarakimu iliyonakiliwa ubaoni kama habari ya kukariri imezaliwa upya mikononi mwa watoto wenyewe.

Huenda mwenzetu akasema: shule yetu haina tufe la dunia. Basi na utafutwe mpira. Mpira wa miguu una mzunguko wa sentimeta 70 hivi, na mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000. Kwa hiyo kila sentimeta ya mpira ni kilomita 570 hivi. Chora Ikweta kwa chaki, weka alama za Ncha mbili na za miji, kisha mpe mtoto kipande cha uzi. Akiuvuta uzi kwa njia ya Nchani ataona kwamba sentimeta 27 zatosha. Akiulaza kwa kufuata njia ya rula, kupitia Afrika, atahitaji sentimeta 32 hivi. Sentimeta tano zilizozidi ni karibu kilomita 3,000. Hapo mtoto haambiwi tena kwamba amekosa. Yeye mwenyewe aliona, akapima, akalinganisha. Tumweleze pia kwamba rubani hafungwi na uzi huo, kwani mara nyingi huiacha njia fupi ili asukumwe na upepo.

Baada ya hapo turudi kwetu. Tarehe 28 Oktoba 1918 haikuwa na ndege kama hizi, lakini miaka mia moja kamili baadaye, tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza safari ya Nairobi mpaka New York bila kutua, kwa Boeing 787-8, umbali wa kilomita 11,800 hivi. Ukiweka rula katika ramani ya ukutani, mstari utaliacha bara la Afrika katika pwani ya Mauritania. Ukivuta uzi juu ya mpira, utaliacha katika pwani ya Moroko. Swali hili lafaa kuwa zoezi la darasa zima, kila kundi na mpira wake.

Jambo la pili ambalo orodha ya ubaoni hulificha ni gharama. Watoto wengi hudhani kwamba ndege iendayo mbali ndiyo yenye nguvu nyingi au mbio nyingi. Sivyo. Concorde, iliyobeba abiria tangu 1976 hadi 2003, ilikuwa na mbio kupita sauti, lakini haikuweza kwenda mbali zaidi ya kilomita 7,000 na kidogo. Isingeweza kutoka Nairobi mpaka New York bila kutua. Ndege huchoma mafuta ili kuyabeba mafuta yenyewe. Mwaka 2004 Singapore Airlines ilianza kwenda Newark, jirani na New York, kwa Airbus A340-500 yenye injini nne. Ikaiacha safari hiyo mwaka 2013, kwa kuwa mafuta yalikuwa ghali. Safari ilirudi Oktoba 2018 kwa A350-900ULR yenye injini mbili, ambayo matangi yake hubeba lita 165,000, na viti vyake ni 161 tu. Waacheni watoto wagawanye: ni zaidi ya lita 1,000 kwa kila kiti. Wataelewa kwamba umbali hununuliwa kwa mafuta na kwa kupunguza watu.

Yafaa pia waone tulikotoka. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Vituo vitano kwa safari ambayo leo hufanywa bila kutua hata mara moja!

Tunajua kwamba vipindi ni vichache, na kwamba kunakili orodha huchukua dakika kumi, ilhali mpira na uzi huchukua kipindi kizima. Lakini orodha hiyo itachakaa, maana kila baada ya miaka michache ndege mpya huipita ile ya zamani. Umbo la dunia halitabadilika, wala thamani ya mtoto aliyejifunza kuipima.

Basi, mwalimu mwenzetu, utakapoingia darasani na mtoto akakupa jibu lisilofanana na lile la daftari lako, usiseme upesi “kaa chini.” Muulize amelipataje. Akikuonyesha rula na ramani, msifu kwa kuitumia vema, kisha mpe mpira na uzi.