Deni la Gari la Umeme

Akina mama wapendwa, waume zetu hubishana kwamba gari la umeme hula nguvu nyingi kutengenezwa kuliko la petroli. Hapo wanasema kweli. Kisa ni betri: madini yake husafishwa kwa joto kali, kisha kiwandani hukaushwa kwa tanuri. Mwaka 2021 kampuni ya Volvo ililinganisha magari yake mawili, ikakiri (nawasifu kwa hilo) kuwa kutengeneza lile la umeme kulitoa hewa ya ukaa asilimia 70 zaidi.

Deni hilo hulipwa barabarani, maana injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kama joto. Kwa hesabu ya Volvo, likichajiwa kwa umeme wa upepo deni huisha baada ya kilomita 49,000. Kwa umeme wa wastani wa dunia, ambao mwingi ni wa makaa ya mawe na gesi, 110,000. Kenya, yenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo, iko karibu na ile ya kwanza.

Sasa, mama, kama gari lako ni la kanisani na sokoni tu, kilomita 5,000 kwa mwaka, ni miaka kama 10. Dereva wa teksi atamaliza mapema zaidi.