Acheni Kunisifu kwa Kumuuguza Mke Wangu

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, mhariri, aliniomba niandike "kitu cha kutia moyo" kuhusu ndoa yangu. Alikuwa amesikia kwamba huu ni mwaka wa pili nampeleka mke wangu kusafisha damu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa nne kila safari, na kwamba bado tuko pamoja. Hilo "bado" ndilo lililonikera. Mama yangu alimuuguza baba miaka mingi na hakuna mhariri aliyemfuata kumwomba makala. Yeye alikuwa mke tu, anafanya kazi ya mke.

Nasifiwa mpaka naona aibu. Wauguzi wananiita mume wa mfano. Shangazi yangu ananiombea dua mbele za watu, halafu ananivuta pembeni kuniuliza kama sijafikiria kutafuta "msaidizi", maana mimi bado kijana. Mwanzoni nilidhani yale ni mambo mawili, sifa na ushauri. Wapi! Ni jambo moja. Anayenisifu kwa kubaki ameshakubali kwamba nilikuwa na haki ya kuondoka.

Njooni mkae kwenye benchi letu, nje ya chumba cha mashine, muone. Wanaume wanaletwa na wake zao. Wanawake wanaletwa na dada, na mama, na binti aliyesimamisha chuo. Sisi waume tunaoleta wake tunajuana kwa sura. Siku moja mama wa umri wa mama yangu, ambaye mumewe yuko kwenye mashine miaka sita, alinyanyuka anipishe kiti, eti "kaa baba, umechoka." Yeye hajachoka?

Sasa nije kwetu sisi wasomaji, maana hapa ndipo nina ugomvi.

Wote tuliosoma Kiswahili chuoni tumepita kwenye Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama akimwusia bintiye Mwana Hashima. Tuligawanyika makundi mawili, hawa wakisema ni kumkandamiza mwanamke, wale wakisema ni hekima ya wahenga, na mtihani ukaisha. Nimeurudia mwaka huu nikiwa kwenye lile benchi, nikaona kitu ambacho sikumbuki tukikijadili darasani. Mtunzi alikuwa mgonjwa. Yuko kitandani, mwili unamwisha, na nguvu zilizobaki anazitumia kumfundisha binti namna ya kukaa karibu na mume aliyelala, asimwamshe, ampepee. Ni mwongozo wa kuhudumia mwili wa mtu mwingine, na kama mwongozo umetimia. Je, Mwana Kupona mwenyewe alipepewa na nani? (Mumewe alikuwa amekwisha kufariki, najua, msinikosoe.)

Sina ugomvi na yeye. Ugomvi wangu ni na sisi. Zaidi ya miaka 160 imepita, na utendi wa baba anayemwusia mwanawe wa kiume namna ya kumpepea mke sijaukuta. Waandishi wetu wa kiume wanamwandikia mke vizuri sana akishakufa. Shaaban Robert aliandika "Amina" baada ya kufiwa na mkewe, na tunaliheshimu shairi lile, mimi pia. Lakini mke wangu hajafa. Ana miaka 33, anataka chai, na daktari amempimia maji ya kunywa kwa siku.

Mtaniambia fasihi si kitabu cha uuguzi. Sawa, basi nisikilizeni niwaambie kutojua kuligharimu nini nyumbani kwangu.

Miezi ya mwanzo mke wangu alitoka kwenye mashine akiwa amelegea, mdomo mkavu. Mimi nimekulia Tanga. Kitu nilichojua kuhusu mgonjwa ni kwamba anapelekewa madafu. Nikamnunulia mawili, akanywa yote, nikajiona mume kweli. Siku iliyofuata nilimpa ndizi mbivu na mchicha wa nazi. Usiku ule miguu ikakosa nguvu na mapigo ya moyo yakawa ya kurukaruka. Tulipofika hospitali damu ilionyesha potasiamu imepanda vibaya, akarudishwa kwenye mashine usiku uleule. Figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa potasiamu, na dafu limejaa potasiamu. Nilikuwa namuua kwa mapenzi, na kwa pesa yangu.

Aliyenifundisha ni yule mama wa benchi. Viazi vikate vidogo, vichemshe, mwaga maji, chemsha tena. Mchicha vivyo hivyo. Mpime uzito kila asubuhi, ukiona umepanda haraka ujue ni maji hayo. Mpira wa shingoni usiloane, na akitetemeka kwa baridi katikati ya kusafishwa usimfunike shuka ukanyamaza, mwite muuguzi, hiyo huenda ni maambukizi yameingia kwenye damu. Alinifundisha hivyo mwezi wa tatu, na mwezi wa tano mke wangu alitetemeka, nikapiga kelele. Akalazwa siku kumi na moja. Yupo.

Sasa ana fistula mkononi, mshipa wa ateri uliounganishwa na wa vena ili sindano za mashine zipate pa kuingia. (Neno lenyewe ni balaa. Mtaani ukisema fistula watu wanafikiria uzazi, na ndugu zake wawili walishaanza kuninyooshea kidole.) Kila asubuhi kabla ya kusalimiana naweka vidole viwili pale kwenye mkono wake wa kushoto. Panatakiwa patetemeke, kama paka anavyonguruma ukimpapasa. Pakinyamaza, hakuna chai, tunakimbia hospitali. Nionyesheni riwaya ya Kiswahili ambayo mwanamume anamgusa mkewe namna hiyo. Kwenye nyingi nilizosoma mke akiugua anakohoa sura mbili, anafariki, mume anapata nafasi ya kulia vizuri.

Figo yangu nilikwenda kupimwa. Mimi ni kundi B, yeye ni O, safari yangu ikaishia maabara siku ya kwanza. Kaka yake yuko kwenye vipimo vya tishu. Upandikizaji nchini umekuwapo tangu Muhimbili walipoanza mwaka 2017, kwa hiyo tunangoja na tuna sababu ya kungoja. Tukio la kuandikia riwaya hamna hapo. Kuna faili, foleni, na damu inayotolewa mkono wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto hauguswi.

Nilimsomea mke wangu haya kabla ya kuyatuma. Alicheka pale pa shangazi. Halafu akasema nimejipendelea, kwamba nimeandika madafu lakini sijaandika ule mwezi niliokuwa nalala ofisini nikisingizia zamu. Ni kweli, nililala ofisini. Karibu wiki tatu, dada yake ndiye aliyempeleka, na hata zile wiki kuna watu waliniambia pole kwa mzigo.

Kwa hiyo mhariri wangu, ile ya kutia moyo sina. Kesho Jumamosi, na viazi sijavichemsha.