Bi harusi anayekwenda Songea aambiwe na habari za porini



Msichana wa kisiwani akiposwa na mtu wa Songea, mafunzo anayopewa ni mengi. Ataambiwa abebe sweta, maana baridi ya Juni na Julai kule si ya mchezo. Ataambiwa ugali wa mahindi ndio chakula cha kila siku. Atafundishwa namna ya kumwamkia mama mkwe na namna ya kukaa na mawifi. Jambo moja halisemwi: wanyama wa porini. Sisi tuliotoka visiwani tukaolewa mkoani Ruvuma tunaona lisemwe, tena kabla ya nikaha. Huku mnyama anayeonekana, na hata yule asiyeonekana tena, anagusa chakula cha nyumba, usingizi wa usiku na nyama ya walima.

Paa wamekwenda wapi?

Mama wakwe zetu wanaoishi pembezoni mwa manispaa wanasimulia kwamba walipoolewa wao, kwenda kuni bila kukutana na paa au funo lilikuwa jambo la kushangaza. Usiku fisi walisikika karibu na nyumba. Leo tukienda shamba tunakutana na nguchiro akikatiza njia, au ngedere wakivunja mahindi mabichi. Usiku tunamsikia komba akilia kama mtoto mchanga. Funo amebaki jina. Mtoto wa mjini akitaka kuona mnyama mkubwa anapelekwa bustani ya Ruhila, akamtazame ndani ya uzio.

Sababu tunazijua. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha taifa kwa mahindi, na kila shamba jipya ni kipande cha miombo kilichokatwa. Tumbaku nayo hukaushwa kwa kuni, na mkaa wa majiko yetu umetoka kwenye miti hiyohiyo. Juu ya hayo ipo mitego ya waya, ambayo tutairudia.

Kule Namtumbo ni kinyume

Sasa shika njia ya mashariki, uende Namtumbo mpaka Tunduru, ambako wanawake wengi ni Waislamu wenzetu. Kule kilio si kwamba mnyama haonekani. Kilio ni kwamba tembo amelala shambani.

Wilaya hizo zimo katika ushoroba wa Selous–Niassa, njia ya tembo wanaotoka Selous kuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji na kurudi. Katika sensa ya mwaka 1976 eneo la Selous lilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000 tu. Majangili waliwamaliza kwa ajili ya meno. Baada ya ujangili kudhibitiwa, makundi yakaanza tena kupita njia zake za zamani, lakini yakakuta vijiji vimekua na mashamba yamesogea mpaka katikati ya njia.

Ndiyo maana mtu wa mjini akisema tembo wamekwisha, na mama wa Namtumbo akisema tembo wamezidi, wote wawili wanasema kweli. Mmoja anapima kwa hesabu ya nchi, mwingine kwa ekari yake mbili za mahindi zilizolala chini kwa usiku mmoja.

Na hili si jambo la leo. Katika vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya nchi hii, na njaa ikaua watu wengi sana. Palipokuwa na vijiji pakaota pori, na wanyama wakarudi. Wanyama kuonekana au kupotea kumefuata matendo ya binadamu tangu wakati wa mababu.

Mzigo unamwangukia nani?

Anayekwenda kuni ni mwanamke. Anayekwenda mtoni alfajiri ni mwanamke. Mahindi yakianza kukomaa, familia huhamia shamba na kulala kwenye dungu ili kufukuza nguruwe pori, na mara nyingi mama yumo na mtoto mgongoni.

Mwaka 2005 watafiti walichapisha hesabu ya kutisha: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 Tanzania, sehemu kubwa kusini mwa nchi, na zaidi katika miezi ya mavuno. Walieleza sababu kwa mpangilio ambao mkulima yeyote ataufahamu. Swala na wanyama wengine wa kuliwa na simba wamepungua, nguruwe pori amebaki. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na binadamu amelala hapohapo kwenye dungu la majani. Kwa hiyo paa aliyepotea anahusiana na usalama wa mama aliyelala shambani. Pori likikosa riziki yake, litakuja kuitafuta kwetu.

Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Ni jambo jema, lakini jina lenyewe linakwambia kuwa si fidia. Jasho linafutwa, na ghala linabaki tupu.

Nyama ya walima

Hapa tunasema na mabibi harusi moja kwa moja. Harusi ikikaribia, hujitokeza mtu akanong'ona kwamba ipo nyama ya porini, tamu, bei nafuu, na wageni watasifu. Tunaomba ukatae, na sababu zipo mbili.

Ya kwanza ni ya dini. Nyama nyingi ya magendo imetokana na kitanzi cha waya. Mnyama hunaswa usiku, akajinyonga, na mwenye mtego akamkuta asubuhi amekwisha kufa. Sura ya al-Maidah, aya ya 3, inamtaja mnyama aliyekufa kwa kunyongwa miongoni mwa walioharamishwa. Utamlishaje mgeni wa walima kitu ambacho hujui kama kilichinjwa? Walima ni sunna, usiingizwe mzoga.

Ya pili ni ya sheria. Kuwinda bila kibali ni kosa, na bi harusi hapaswi kuanza ndoa kwa mumewe kuitwa kituoni. Mbuzi mmoja aliyechinjwa kwa bismillahi ana heshima kuliko funo watatu wa gizani.

Tunachopendekeza

Kwanza, wanawake waulizwe. Uingereza watu wa kawaida huandika kila kalunguyeye wanayemwona bustanini au barabarani, na kwa maandishi hayo wanajua anapungua wapi. Sisi tunaona zaidi yao, na hakuna anayeandika. Kila kijiji kiwe na daftari, na anayetoka kuni aulizwe ameona nini na wapi. Askari wa wanyamapori wa vijiji nao wasiwe wanaume peke yao.

Pili, ulinzi wa shamba uwape kina mama kipato. Tembo hapendi pilipili wala nyuki. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au mizinga iliyotundikwa kuzunguka shamba, hupunguza hasara, na asali na pilipili huuzwa. Vikundi vya wanawake vikopeshwe kwa kazi hii.

Tatu, mume usimwache mkeo mpya alale dunguni na watoto. Ulinzi wa usiku ugawanywe kwa zamu na majirani. Hili ni sharti la kuzungumzwa siku ya posa, kama mahari inavyozungumzwa.

Msituambie haiwezekani. Pemba, popo mkubwa alikuwa karibu kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Watu wa Kidike na vijiji vingine walipoamua kumlinda aliongezeka, na leo wageni wanalipa kumtazama. Chui wa Unguja hakupata watetezi kwa wakati, naye amebaki kwenye masimulizi ya bibi zetu.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama nao ni umma mfano wetu. Umma hauhesabiwi kwa nyama yake wala meno yake tu. Na jirani, hata akiwa msumbufu, hutafutiwa njia ya kuishi naye, huku mama aliye shambani naye akilindwa.

Allah awahifadhi dada zetu wote walio mashambani msimu huu, na awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye riziki ya halali. Amin.